Neno "Skwota": Asili, Maana na Matumizi Yake katika Trans Nzoia na Bungoma

1. Utangulizi

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili cha magharibi ya Kenya, ni machache yaliyobeba mzigo mzito kama neno "squatter", ambalo Waswahili wa huko hulitamka na kuliandika skwota. Neno hili husikika Kibomet na katika vitongoji vingine vya Kitale. Husikika katika mashamba ya Endebess na Kwanza. Na huvuka mpaka hadi Kimilili na miteremko ya Mlima Elgon katika Bungoma. Wazee hulitumia wanaposimulia ujana wao, machifu hulitumia barazani, na waandishi wa magazeti hulitumia karibu kila panapotokea mzozo wa ardhi. Kwa kuwa limezoeleka hivyo, ni rahisi kudhani kwamba maana yake ni moja na kwamba iko wazi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Katika muda wa karne moja neno hilo limetaja watu wa hali zinazopingana kisheria: mtu aliyekaa mahali kwa ruhusa na mkataba, na mtu aliyekaa bila ruhusa yoyote. Kiingereza cha kawaida cha leo kimebaki na maana ya pili tu. Kiswahili cha Trans Nzoia kimezihifadhi zote mbili, na kimezitenganisha kwa sarufi yake chenyewe. Mfasiri asiyeitambua tofauti hiyo anaweza, kwa neno moja tu, kumgeuza mtu aliyefanya kazi kwa mkataba akawa mhalifu.

2. Asili ya neno katika Kiingereza

Mzizi wa neno ni kitenzi "squat", ambacho Kiingereza kilikitoa katika Kifaransa cha kale, "esquatir", chenye maana ya kuponda au kubonyeza chini. Kifaransa nacho kilikitoa katika Kilatini, kwenye kitenzi "cogere", yaani kusukuma vitu pamoja, kushurutisha. Kutokana na maana ya kubonyea chini ilizaliwa maana ya kuchuchumaa, na hiyo ndiyo maana ya kwanza ambayo Mwingereza huifikiria hata leo asikiapo kitenzi hicho.

Kumwita mtu "squatter" kwa sababu ya ardhi anayoikalia kulianza Marekani. Mfano wa zamani unaojulikana sana unapatikana katika barua ya James Madison ya mwaka 1788, iliyowazungumzia watu waliokuwa wakiishi katika ardhi ya wengine kule Maine. Sitiari yake inaonekana bila shida: mtu aliyechuchumaa hakuketi. Hana kiti, na wakati wowote anaweza kuinuliwa.

Neno lilipofika Australia lilipata bahati ya namna yake. Mwanzoni lilikuwa jina la dharau kwa watu waliokalia ardhi ya serikali bila idhini, wengine wao wakidhaniwa kuwa wezi wa mifugo. Lakini mwaka 1836 serikali ya New South Wales iliamua kuwauzia leseni ya malisho, kwa pauni 10 kwa mwaka. Wenye makundi makubwa ya kondoo wakalipa, wakatajirika, na katika muda mfupi "squatter" likawa jina la bwana mkubwa wa mifugo. Ikumbukwe kwamba ardhi yenyewe ilikuwa ya wenyeji wa bara hilo, na hao hawakuuziwa leseni wala hawakupewa jina hilo.

Katika Afrika ya Kusini neno lilielekea upande mwingine kabisa. Huko lilitumika kumtaja Mwafrika aliyeishi na familia na mifugo yake katika ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mzungu, akilipa kodi, akigawana mavuno, au akitoa kazi yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikusudia, pamoja na mambo mengine, kukomesha ukaaji wa namna hiyo na kumgeuza mkaazi kuwa mtumishi.

Kwa hiyo neno lilipofika Afrika ya Mashariki lilikwisha kuwa na historia ndefu, na katika kila nchi maana yake ilitegemea swali moja: nani aliyekuwa na uwezo wa kuandika hati ya ardhi?

3. Kuingia kwa neno Kenya

Matumizi ya Kenya yanafanana zaidi na yale ya Afrika ya Kusini. Njia iliyoyaleta haijifichi. Makaburu waliofika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 wakiongozwa na Jansen van Rensburg, pamoja na walowezi wengine waliopitia kusini, walikuja na desturi zao za shamba na maneno yao. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mpango wa mwaka 1919 wa kuwagawia mashamba askari wa zamani wa Kiingereza uliwaleta wengi zaidi, Trans Nzoia ikiwa miongoni mwa sehemu walizopewa. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mahindi ya uwanda huo yakapata njia ya kwenda sokoni.

Ardhi ilikuwa nyingi na mikono ya kuilima haikutosha. Hapo ndipo skwota alipohitajika. Mlowezi alimruhusu Mwafrika ajenge nyumba, alime kipande cha ardhi na kuchunga mifugo yake katika sehemu isiyotumika, na badala yake mtu huyo alitoa kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliagiza kazi hiyo isipungue siku 180 kwa mwaka, na ikakataza mtu kukaa shambani kwa kulipa kodi ya fedha au mazao. Sheria ya mwaka 1925 iliukaza mkataba huo. Ile ya mwaka 1937, iliyoanza kutumika mwaka 1940, ilizipa halmashauri za wilaya za walowezi uwezo wa kuongeza siku za kazi, na kupunguza idadi ya maskwota, mashamba yao na mifugo yao.

Jambo moja linafaa kuangaliwa na wanaisimu. Sheria za mwaka 1925 na 1937 zilimwita mtu huyo mfanyakazi mkaazi, bali walowezi, maafisa na magazeti waliendelea kumwita "squatter". Jina la sheria lilieleza mkataba. Jina la mazungumzo lilimwonyesha kama mtu aliyechuchumaa mahali pasipo pake. Jina la mazungumzo ndilo lililodumu, na ndilo lililoingia katika Kiswahili.

Watu walioitwa hivyo katika Trans Nzoia walikuwa wa makabila mengi: Wabukusu waliotoka Kimilili na sehemu nyingine za Bungoma, Wasabaot wa Mlima Elgon, Wanandi, Wakikuyu, Waturkana na wengineo. Baadhi yao hawakuja kama wageni. Watu wa Elgon waliieleza Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter, iliyoundwa mwaka 1932, kwamba malisho ya uwanda huo yalikuwa yao kabla ya walowezi kufika. Mtu wa namna hiyo aliitwa skwota katika nchi aliyoihesabu kuwa ya baba zake.

4. Umbo la neno katika Kiswahili

Neno liliingia kwa njia ya mdomo, shambani, ambako lugha ya amri ilikuwa Kiswahili cha walowezi kilichoitwa Kisetla. Hicho kilikuwa Kiswahili kilichopunguzwa upatanisho wa ngeli, nacho kilichunguzwa na Anthony Vitale katika makala aliyoyatoa mwaka 1980. Ni jambo la kuzingatia kwamba "settler" na "squatter" yalikopwa pamoja, yakawa setla na skwota, kana kwamba ni jozi.

Kifonolojia, kundi la konsonanti skw mwanzoni mwa neno ni geni kwa Kiswahili, ingawa sk si geni tena kwa sababu ya maneno ya mkopo kama skuli na skimu. Wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazikubali makundi hayo huingiza irabu katikati. Irabu ya mwisho haikuleta tatizo, kwa kuwa matamshi ya Kiingereza yenyewe humalizikia kwa sauti iliyo karibu na a.

Kimofolojia, neno huunda wingi kwa kiambishi ma-: skwota, maskwota, nalo hufuata upatanisho wa viumbe hai: skwota huyu, maskwota hawa. Katika jambo hilo linaungana na dereva, daktari, karani na setla, maneno yanayotaja watu kwa kazi au cheo chao. Hali ya kuwa skwota huitwa uskwota.

Kiswahili kilichukua nomino na kukiacha kitenzi. Kitendo cha mwili kina maneno yake ya Kiswahili, kuchuchumaa na kuchutama, wala hakuna aliyejaribu kumwita mkaazi wa shamba mchuchumaaji. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mwingereza anapolisikia neno lake, bado anaiona taswira ya mtu asiyekaa imara. Mswahili haioni. Kwake skwota ni jina tu, halina picha ndani yake, na kwa sababu hiyo mwenye jina anaweza kulitamka juu ya nafsi yake bila kujidharau.

5. Maana tatu na alama zake za kisarufi

Matumizi ya neno yanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Tazama mifano ifuatayo:

(i) Babu alikuwa skwota wa setla mmoja huko Endebess. Alikuwa na ng'ombe wake na shamba lake la wimbi.

(ii) Maskwota wa shamba la shirika wameiomba serikali iwagawie ardhi.

(iii) Ondoka hapo, wewe ni skwota tu.

Katika mfano wa kwanza, kihusishi cha a-unganifu kinafuatwa na mtu: skwota wa fulani. Muundo huu unataja uhusiano wa watu wawili, kama katika mpishi wa fulani au dereva wa fulani. Skwota hapa ni mtu wa mkataba. Msemaji hasemi kwamba babu yake alivamia; anasema alikuwa na bwana, alikuwa na kazi, na alikuwa na mali. Kiingereza cha kikoloni kilikuwa na muundo huohuo, kwani walowezi walisema "my squatters", maskwota wangu. Kiingereza cha leo hakiukubali kwa urahisi, kwa sababu hakuna anayemwita mvamizi wa nyumba yake mtu wake.

Katika mfano wa pili, a-unganifu inafuatwa na mahali. Bwana ametoweka, shamba limebaki. Maana hii ilikua baada ya uhuru. Kizuizi cha rangi katika umilikaji wa mashamba ya nyanda za juu kiliondolewa mwaka 1960, na kuanzia mwaka 1962 mashamba mengi yalinunuliwa ili yagawanywe katika skimu za makao. Mengine yaliuzwa mazima kwa watu binafsi au kwa makampuni na vyama vya kununua ardhi, na mengine yakawekwa chini ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo lililoundwa mwaka 1965, ambalo lina mashamba makubwa katika Trans Nzoia. Aliyekuwa na fedha za kuanzia alinunua. Aliyetumia miaka yake yote kama skwota wa setla mara nyingi hakuwa na akiba, wala hakuwa na hati yoyote ya kuonyesha miaka hiyo. Setla aliondoka, mkataba uliisha bila kuvunjwa na skwota, yeye akabaki alipokuwa. Neno lilibaki naye, lakini hali iliyotajwa na neno ilikwisha kubadilika chini ya miguu yake.

Katika mfano wa tatu hakuna a-unganifu. Neno limesimama peke yake kama kiarifu, mara nyingi likifuatwa na tu. Hapo ni tusi. Linamwambia mtu kwamba hana mizizi mahali alipo. Maana hii ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiingereza cha leo, na ndiyo inayoibuka wakati wa mapigano ya kugombea ardhi, kama yale ya mwaka 1992 na ya mwaka 2007 hadi 2008.

Maana hizo tatu hazikufutana. Zinaishi pamoja, wakati mwingine katika kinywa cha mtu mmoja. Mzee anaweza kutumia ya kwanza akijieleza, ya pili akiomba, na akatupiwa ya tatu kabla ya jua kuchwa.

6. Maneno jirani

Ili maana ya skwota ionekane vizuri, yafaa kulilinganisha na maneno yaliyo karibu nalo.

Kibarua ni neno la Kiswahili lililotokana na barua. Awali lilikuwa karatasi iliyotiwa alama za siku za kazi, kisha likawa jina la mtu anayeishika. Kibarua huuza siku zake na kurudi kwao. Skwota aliuza siku zake na kulala palepale, na mkewe na watoto wake mara nyingi waliitwa kazini pia, hasa wakati wa mavuno.

Mpangaji hulipa fedha na hupata haki za upangaji. Sheria za kikoloni zilijitahidi kumtenga skwota na haki hizo. Katika pwani ya Kenya, hata hivyo, neno skwota limekuja kuwataja watu walio karibu na wapangaji: wakaazi waliozaliwa katika ardhi ambayo, baada ya Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliandikishwa kwa majina ya wengine, na ambao baadhi yao hulipa ijara. Neno ni moja, bali historia ya Kilifi si historia ya Kitale, na mwenye kuzichanganya atapotea.

Mvamizi ni mtu aliyeingia kwa nguvu au kwa hila. Ndani ya neno hili mna kitendo, na kitendo hicho ni kosa. Skwota wa maana ya kwanza hakuvamia. Skwota wa maana ya pili mara nyingi hakuingia hata kidogo, kwa kuwa alizaliwa hapo.

Mlowezi ni neno linalotokana na kulowea, yaani kuhamia nchi ngeni na kuzoea kukaa. Kiswahili sanifu kilimtafutia "settler" jina la Kiswahili lenye staha, hali "squatter" aliachwa na jina la kigeni. Wote wawili walihama, wote wawili walikaa, na wengi wa hao wa pili walikuwa karibu zaidi na kwao.

Aidha kuna neno kifagio. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake kuhusu maskwota wa Bonde la Ufa kilichotolewa mwaka 1987, ameonyesha kwamba maskwota wa Kikuyu walilitumia kuitaja kampeni ya kuwaondolea mifugo mwishoni mwa miaka ya 1920. Hapo Kiswahili kilitoa jina la jambo ambalo maafisa waliliita kupunguza mifugo. Neno la maafisa lilitaja hesabu, na lile la maskwota likataja ufagio na waliofagiwa.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii ina sheria ndani yake: anayepewa jembe ameingia katika nyumba na si mgeni tena. Katika shamba la setla jembe lilitolewa siku ya kwanza, na nyumba haikutolewa kamwe. Pengine ndiyo sababu wasemaji hawakuona neno la Kiswahili linalofaa kwa hali hiyo, wakachukua la kigeni.

7. Neno mbele ya sheria

Suala hili si la kamusi pekee. Kwa mujibu wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo maneno ya mashahidi yanayotolewa kwa Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza, na maagizo yaliyoandikwa kwa Kiingereza huelezwa kwa Kiswahili.

Sheria yenyewe ya Kenya inalitumia neno hili kwa nyuso mbili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, katika kifungu cha 134, inawataja maskwota kuwa miongoni mwa watu ambao programu za makao zinakusudiwa kuwapatia ardhi. Hapo skwota ni mwenye haja inayotambuliwa. Kwa upande mwingine, sheria ya kuingia katika ardhi ya mtu bila idhini humchukulia mkaaji asiye na ruhusa kuwa mkosaji. Tena, sheria ya mipaka ya muda wa mashtaka inamruhusu aliyekalia ardhi waziwazi kwa miaka 12, bila idhini ya mwenyewe, kudai iandikishwe kwa jina lake.

Hapo ndipo neno linapokuwa na hatari. Shahidi akisema kwa Kiswahili kwamba baba yake alikuwa skwota wa fulani, anaeleza ruhusa. Mfasiri akiandika "squatter" bila kijalizo, msomaji wa Kiingereza anaelewa kukosekana kwa ruhusa. Katika dai la miaka 12 ruhusa humdhuru mdai, na katika shtaka la kuvamia ruhusa humwokoa mshtakiwa. Neno lililofasiriwa vibaya linaweza kumwangusha mtu katika kesi zote mbili. Hali kadhalika, mwandishi wa habari anayefasiri "squatters" kwa wavamizi amekwisha kutoa hukumu kabla ya hakimu.

Bungoma ina mfano wa kuhuzunisha. Skimu ya Chepyuk katika Mlima Elgon ilianzishwa mwaka 1971 ili kuwapa makao watu waliohamishwa kutoka Chepkitale. Kwa miaka mingi, katika awamu moja baada ya nyingine, swali lilikuwa nani aandikwe kuwa mwenye haki ya kugawiwa na nani aachwe nje kama skwota. Orodha zilitolewa, zikafutwa, zikaandikwa upya. Kufikia mwaka 2006 ugomvi huo ulikuwa umezaa kundi lenye silaha lililojiita jeshi la kutetea ardhi ya Wasabaot. Mauaji na mateso yaliendelea hadi mwaka 2008, jeshi la serikali lilipoingia mlimani, nalo pia likalaumiwa kwa kuwatesa raia. Haiwezi kusemwa kwamba neno ndilo lililoua. Lakini kuandikwa au kutoandikwa chini ya neno hilo kulikuwa sehemu ya sababu ya watu kufa.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba neno skwota lina asili ya Kiingereza, bali maana zake katika Trans Nzoia na Bungoma zimetokana na historia ya mahali hapo. Kutokana na hayo yanapendekezwa mambo matatu.

Kwanza, kamusi za Kiswahili zisitosheke na maelezo mafupi kwamba skwota ni mtu anayekalia ardhi isiyo yake. Maelezo hayo yanafaa kwa maana ya tatu tu. Yafaa maana zitenganishwe, na ile ya mkataba wa kazi ipewe wakati wake, tangu sheria ya mwaka 1918 hadi mwisho wa mashamba ya walowezi.

Pili, wafasiri wachunguze kijalizo kinachofuata neno. Panaposemwa skwota wa mtu, uhusiano huo uelezwe kikamilifu katika Kiingereza, hata kama utahitaji maneno manne badala ya moja. Neno mvamizi litumike pale tu ambapo kitendo cha kuvamia kimetajwa.

Tatu, idara za lugha ziyakusanye maneno ya mashamba ya walowezi, kama vile kipande, kibarua, kifagio, posho, nyapara, setla na skwota, pamoja na sentensi kamili ambamo hutumiwa na wazee wa Kitale na Kimilili. Waliozaliwa shambani kabla ya uhuru sasa ni wazee wa zaidi ya miaka 60. Wajukuu wao wanalijua neno, lakini wengi wanaijua maana ya tatu peke yake.